Kizibo Kilichoruka: Siku Sita Kwenye Zabibu za Dodoma

Jumatatu

Nina grosari Tabata. Si kubwa: friji mbili, rafu moja ya kioo, na benchi la nje ambalo wateja wamelibatiza jina la Bunge. Mwezi Juni, saa nane mchana, kizibo cha chupa ya mvinyo wa Dodoma kiliruka chenyewe kikagonga bati. Wabunge wote wakainama. Kufikia mwisho wa wiki chupa tano za katoni ileile zilikuwa zimetapika povu la zambarau hadi sakafuni, na moja niliyoionja ilikuwa inachomachoma ulimi kama soda iliyochacha. Nikampigia aliyeniuzia. Akasema kosa ni la joto la Dar. Jina lake sitalitaja, na pesa yangu mpaka leo haijarudi.

Ndiyo sababu nimepanda treni. Nataka kuona kinachoingia kwenye hizo chupa kabla sijaweka nyingine rafuni.

Safari yenyewe haina simulizi. Kwa basi nilizoea kuimaliza siku nzima. Kwa reli hii mpya ni chini ya saa nne, huku simu iko kwenye chaji. Milima ya Kilosa unaipita ndani ya mahandaki, na ukija kutoka upande wa pili nchi imeshabadilika rangi: vumbi jekundu, miiba, mibuyu iliyosimama peke yake kama watu waliogombana.

Nimefikia kwa binamu yangu, mtumishi wa wizara, mmoja wa wale waliohamia baada ya serikali kuamua mwaka 2016 kwamba safari hii Dodoma ni makao makuu kweli. Uamuzi wenyewe ni wa 1973, lakini tunajuana. Amejenga nje kidogo ya mji. Kwenye kona ya uzio, nyuma ya tangi la maji, kuna kisiki cha mzabibu chenye machipukizi. "Hapa palikuwa shamba," akaniambia. "Kila nikikikata kinarudi." Viwanja vyote vinne vya mtaa ule vimetoka kwenye shamba moja la zabibu.

Jioni tukatoka. Baa nzuri, taa nzuri. Nikaagiza mvinyo wa hapa. Mhudumu akauliza, "Wa hapa upi, dada?" Nikamwambia wa Dodoma. Akaleta wa Afrika Kusini, akaeleza kwamba huo ndio wageni wanaupenda. Dompo, mvinyo wa Dodoma, ilikuwepo, ila imewekwa chini ya kaunta pamoja na chupa ndogo za konyagi, kama ndugu wa kijijini aliyekuja siku ya sherehe.

Jumanne

Daladala la barabara ya Iringa, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa sababu zabibu huvunwa kabla jua halijapanda. Baridi ya Agosti hapa si mchezo. Nilijifunga khanga mbili.

Njia hii ndiyo njia ya mvinyo wa Tanzania, ingawa hakuna kibao kinachosema hivyo. Kwanza unapita Bihawana, kwenye misheni ya Wakatoliki. Hapo ndipo mapadri walipopanda mizabibu mwishoni mwa miaka ya 1950. Walihitaji divai ya misa. Na tazama lugha yetu ilivyotunza kumbukumbu: "divai" tumeichukua kwa Wafaransa, "mvinyo" kwa Wareno, na siku hizi vijana wa Bunge langu wanasema "waini". Zabibu yenyewe ni neno la Kiarabu, na kwa Waarabu maana yake ni ile iliyokaushwa. Kwa hiyo tunda bichi tunaliita kwa jina la tunda kavu. Sisi na zabibu hatujawahi kuanzia mwanzo.

Baada ya Bihawana kuna Matumbulu, kisha Mpunguzi, na hapo niliteremka. Mashamba yamekaa nyuma ya nyumba, hayaonekani kutoka barabarani. Usifikirie vilima vya kijani vya kwenye kalenda. Ni ardhi tambarare ya kijivu, nguzo za miti zilizopinda, waya zilizokazwa na kulegea, na juu yake majani yenye vumbi. Lakini ukiinama chini ya waya unakuta vichala vyeusi vimening'inia vizito, na harufu inakupiga usoni.

Mzee mwenye shamba ni rafiki wa jirani ya binamu yangu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Mbukwa." Nikamjibu mbukwa vilevile, ndiyo Kigogo changu chote. Ana ekari mbili. Akanipa mkasi na kreti, hakuuliza kama nimekuja kutazama au kufanya kazi.

Kazi yenyewe ni ya mgongo. Unashika kichala kwa kiganja cha kushoto usiondoe ule utandotando mweupe, unakata kikonyo, unang'oa punje zilizooza, unalaza kwenye kreti. Kina mama sita walikuwa wanaenda mstari kwa mstari huku wanaimba. Mimi baada ya saa moja nilikuwa nimejaza kreti mbili na nyuki mmoja kanichoma shingoni.

Tulipokaa kunywa chai, mzee akanieleza mambo ambayo sikuwahi kuyafikiria nikiwa nyuma ya kaunta. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi kisha huamka wenyewe. Hapa hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeulaza na kuuamsha: anauacha upumzike, kisha anaupogoa, na kutoka siku ya kupogoa anahesabu miezi minne hadi mitano mpaka kuvuna. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, mara moja karibu na Februari na Machi, mara nyingine Agosti na Septemba. Mavuno ya masika huja na maji mengi na magonjwa mengi. Haya ya kiangazi ndiyo yenye sukari.

"Mara mbili kwa mwaka ni baraka," nikasema.

"Ni baraka kama mnunuzi naye anakuja mara mbili." Akacheka peke yake. "Mahindi utayaweka ghalani, utamsubirisha mnunuzi mpaka apate adabu. Zabibu inakusubirisha wewe."

Halafu akanionyesha hesabu ambayo imenikaa kichwani siku nzima. Zabibu ikiiva ikabaki mtini, haisimami. Inanyauka kidogo kidogo. Sukari inazidi kukolea ndani, na maji yanapungua. Kiwanda kinapenda sukari, lakini kinalipa kwa kilo. Kwa hiyo kila wiki gari linapochelewa, zabibu inakuwa nzuri zaidi kwa anayenunua na nyepesi zaidi kwa anayeuza. Ongeza ndege, ongeza nyigu. Na ukikata ukaweka kwenye kreti, una siku moja, labda mbili, kisha inaanza kuchacha yenyewe bila ruhusa ya mtu.

Nikamuuliza gari linakuja lini. Akasema wamesema Alhamisi. Nikamuuliza mbona basi wanavuna leo. Akasema mstari huu umeshaanza kupoteza uzito, huu anawauzia kina mama wa stendi kwa beseni. Mistari iliyobaki inasubiri Alhamisi.

Yeye anakumbuka enzi za DOWICO, kiwanda cha umma. Kilipokufa, wengi hapa waling'oa mizabibu wakarudi kwenye mtama na uwele. "Mimi sikung'oa," akasema. "Si ushujaa. Kung'oa nguzo ni gharama, sikuwa nayo."

Kipande cha mwisho cha shamba la jirani yake kimechorwa mistari ya chokaa. Viwanja.

Jumatano

Leo nilisimama nje ya kiwanda kimoja kutoka saa tatu hadi saa tisa. Sitakitaja, kwa sababu niliyoyaona yanaweza kuwa ya kiwanda chochote.

Magari kumi na moja kwenye foleni, mengi ni kanta zenye kreti zilizopangwa mpaka juu ya kichwa cha dereva. Chini ya kila gari kuna mstari mweusi wa maji ya zabibu unaotiririka hadi mtaroni, na juu ya kila mstari wingu la nyuki. Ile ni divai inayojitengeneza barabarani. Dereva mmoja, kijana wa Hombolo, alikuwa amelala pale usiku kucha. Akaniambia mzigo si wake, yeye kakodiwa, lakini kila saa inayopita mwenye mzigo anapiga simu na yeye hana la kumjibu.

Mchana nikapata bahati. Fundi mmoja wa matangi alitoka kununua mihogo nami nikanunua kwenye beseni hilohilo. Nilidhani atasema mashine imeharibika. Hapana. Mashine ya kukamua iko vizuri. Matangi ndiyo yamejaa.

Yamejaa nini? Mchuzi wa msimu uliopita.

Hili neno "mchuzi" lazima nilieleze kwa wasiokaa Dodoma. Viwanda vingi vya hapa havimalizii safari kwenye chupa. Vinakamua zabibu, vinachachusha, na kinachopatikana, mchuzi wa zabibu, kinakaa kwenye matangi kikisubiri kampuni kubwa zinazotia kwenye chupa na kubandika nembo, nyingine ziko Dar kwetu. Kampuni ikipunguza oda, mchuzi unabaki tangini. Tangi likiwa na mchuzi wa jana haliwezi kupokea zabibu za leo. Na zabibu za leo, kama mzee alivyosema, hazina ghala. Miaka michache iliyopita ilifika mahali zabibu zikaozea mashambani, habari ikafika hadi bungeni, wakubwa wakaja wakapigwa picha wameshika vichala.

Kwa hiyo nikiwa na muhogo mkononi ndipo nilipoelewa. Dodoma haina upungufu wa zabibu. Yule mwenye tangi tupu siku ya mavuno ndiye anayepanga bei, na mkulima hana tangi. Kila kongamano linahimiza watu wapande zaidi. Huwa husemwa pia kwamba kusini mwa Sahara tuko nyuma ya Afrika Kusini tu kwa zabibu. Sawa, lakini hizo ni mbio zenye wakimbiaji wachache sana, na aliye mbele yetu alishapotea kwenye kona.

Kwa haki, serikali haikukaa tu. Kwenye ushuru wa bidhaa, mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nyumbani ulipangiwa shilingi 200 kwa lita katika bajeti ya 2017/18, wakati ule wenye zaidi ya asilimia 25 ya zabibu za nje ulipangiwa zaidi ya shilingi 2,000. Hiyo ni kinga nene. Ila kinga ya kodi haimwagi mchuzi wa zamani kutoka tangini.

Saa tisa foleni ilikuwa imesogea magari mawili.

Alhamisi

Makutupora, kaskazini mwa mji, barabara ya Arusha. Hapa ndipo kilipo kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kinachoshughulikia zabibu, na bonde hilihili ndilo lenye visima vya Mzakwe vinavyoinywesha sehemu kubwa ya Dodoma. Maji hayohayo wanayooga watumishi waliohamia ndiyo mizabibu ingeyapenda.

Jina la mahali limekuwa jina la tunda. Zabibu nyekundu inayotawala mashamba ya mkoa inaitwa Makutupora. Ni ngumu, inazaa, inavumilia. Nyeupe inayotumika sana ni Chenin Blanc. Nimeona pia Syrah, na za kula mezani kama Halili Belgi na Black Rose, kubwa na nyororo, ambazo kichala kimoja kinakaa kwenye sahani kama pambo.

Mtaalamu aliyenizungusha ni dada mpole mwenye buti za mvua wakati wa kiangazi. Alinionyesha majani yenye ugonjwa wa ubwiri unga, kama yamemwagiwa ngano, na akanieleza tofauti yake na ubwiri vinyoya ambao unajificha chini ya jani na kupenda mvua. Akanipa kile kifaa kidogo kama darubini cha kupimia sukari. Unatoneza tone la zabibu, unatazama juani, unasoma namba. Ile niliyopima ilisoma 21. "Ukiichachusha yote ikaisha," akasema, "utapata kilevi kama asilimia 12."

Hapo nikamtolea hadithi ya kizibo changu. Alicheka sana, kisha akaniuliza swali moja: "Ulikuwa mtamu?"

Ulikuwa mtamu. Wateja wangu hawanunui mwingine.

"Basi ndiyo jibu." Hamira inakula sukari na kutoa vitu viwili, kilevi na gesi. Ukiiacha imalize sukari yote, inakosa chakula na kulala, mvinyo unakuwa mkavu, na kwenye chupa hakuna cha kuliwa tena. Lakini Watanzania tunataka utamu. Kwa hiyo mtengenezaji anabakiza sukari au anaiongeza mwishoni. Sasa chupa ina chakula. Ikibaki hamira hai hata kidogo, inangoja tu joto. Kiwanda kikubwa kina vichujio vyembamba vya kuikamata, kina dawa ya kuizuia isizaliane, au kinaongeza pombe kali mpaka hamira inakufa. Mdogo asiye na hivyo, anaziba chupa na kuomba Mungu. "Dodoma usiku ni baridi, mvinyo unatulia. Unaupeleka Dar, kwenye bati, saa nane mchana."

Kwa hiyo yule muuzaji hakudanganya kabisa. Ni joto la Dar. Ila yeye ndiye aliyenifungia hamira hai ndani ya chupa. Na utamu ni wangu na wateja wangu. Nilikaa kimya kwenye bodaboda njia nzima ya kurudi mjini.

Jioni nikampigia mzee wa Mpunguzi. Gari halikuja. Wamesema Jumamosi.

Ijumaa

Binamu yangu alinipeleka kwa mama mmoja mjini anayetengeneza mvinyo uani kwake. Sio mafichoni: ana alama ya TBS, ana stempu za TRA, alipita mafunzo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, na kila karatasi imeingizwa kwenye fremu ukutani utadhani picha za harusi.

Uani kuna mapipa manane ya plastiki ya lita 200, chini ya paa la makuti alilolimwagia maji. Kwenye kila kifuniko kuna mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa ya maji, unatoa gesi na kuzuia hewa. Ukikaa kimya unasikia mapipa yote yanabubujika, moja moja, kama watoto wanaoota. Ya mvinyo mwekundu yana maganda ya zabibu ndani. Kila asubuhi na jioni anayazamisha kwa mti, maana maganda ndiyo yenye rangi na huelea juu. Zabibu nyeupe anazikamua kwanza ndipo anachachusha.

Kazi inayomchosha si hiyo. Ni chupa. Mpya ni ghali kwa mtu anayenunua chache, kwa hiyo anazikusanya mahotelini, anaziloweka, anakwangua lebo kwa kisu, anaziosha, anazichemsha. Wasichana wawili walikuwa kwenye karai muda wote niliokuwepo. Kilo moja na kidogo ya zabibu inatosha kujaza chupa moja, na nina hakika kazi ya kuiosha hiyo chupa inazidi kazi ya kuvuna hiyo kilo.

Nikamuuliza kama anatengeneza mtamu.

"Niliacha, dada. Sina kichujio cha kuaminika. Nikikuuzia mtamu, nitakuwa nakuuzia bomu." Anatengeneza mkavu tu, na anauza kidogo kuliko jirani yake kwa sababu hiyo. Wateja wanaonja wanakunja uso, wanasema umeharibika.

Akanimiminia mwekundu wa msimu uliopita. Nami nilikunja uso, siwezi kusema uongo. Mnywo wa pili ukawa afadhali. Tulikuwa na nyama ya mbuzi na chumvi, na kufikia mnywo wa nne nilikuwa nimesahau kukunja. Si mvinyo wa kutisha dunia. Una ukali kidogo nyuma ya koo na unaisha haraka. Lakini ni safi. Una harufu ileile iliyonipiga usoni Jumanne chini ya waya.

Nilitaka katoni tano palepale. Alikataa. Akanipa chupa mbili na masharti: nikaziweke mahali pa joto kuliko pote dukani, wiki nzima, zimesimama, na kila asubuhi niguse kizibo. "Kikipanda hata unene wa shilingi, usinipigie simu ya kununua, nipigie ya kunitukana."

Jumamosi

Treni ya asubuhi. Hombolo sikufika, ingawa yule dereva alinialika. Kabla sijapanda nilinunua zabibu kwa kina mama wanaouza kwa mabeseni, nikakuta bei imeshuka kuliko siku niliyofika. Nikamuuliza mmoja kwa nini. "Zimekuwa nyingi ghafla, mama. Watu wa Mpunguzi wanazileta wenyewe."

Sikumpigia mzee. Nilijua atasema nini.

Tabata, wiki moja baadaye

Chupa mbili zilikaa juu ya friji, chini ya bati, mahali ambapo mwaka jana mshumaa ulijikunja wenyewe. Bunge lilikaa mbali siku tatu za kwanza. Siku ya nne mmoja akasogeza benchi.

Leo asubuhi nimepanda kwenye stuli na kupitisha kidole gumba juu ya vizibo vyote viwili. Viko sawa na mdomo wa chupa. Moja nimeifungua saa sita mchana nikawagawia wabunge kwenye glasi za chai. Wawili walikunja uso, mmoja akaomba soda ya kuchanganyia, na mzee wa Kihaya anayekaa pembeni siku zote akanyoosha glasi yake bila kusema kitu.

Nimempigia yule mama aandae katoni tano. Amesema atatafuta chupa.